Wahitimu wa biashara Dodoma: mshahara mkubwa chukueni, ila msiukopee

Mbukwenyi wanangu,

Nawaandikia nyie mliovaa joho juzi juzi hapa, wa CBE, wa UDOM, wa St. John's, wa Mipango, mliosoma uhasibu, masoko, ugavi na mengine ya biashara. Nasikia mnavyobishana. Kuna wanaosema kazi ni hela tu, benki au kampuni ya simu Dar, na kuna wanaotaka kwenda kufanya kazi na wakulima wa alizeti na zabibu, ambao hao wa kwanza wanawaita washamba. Mimi ni mhasibu mstaafu, nakaa hapa hapa mjini, na kila mzazi mwenye mtoto aliyemaliza chuo ananipigia simu nimshaurie mwanae, sasa nimeona bora niongee na nyie wote kwa mpigo.

Kwanza msidanganywe na wazee wenzangu eti vijana wa zamani hawakujali mshahara. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar waliandamana mpaka Ikulu kugomea masharti ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na makato ya mshahara yalikuwa mle mle kwenye malalamiko yao, Mwalimu akakasirika akawarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Azimio la Arusha likaja miezi michache baadaye. Kwahiyo ubishi huu mmeurithi, na asitokee mtu akawaona hamna utu kisa mmeulizia malipo.

Haya tupige hesabu, si ndo mlichosomea. Chukua ofa ya Dar ya 1,500,000, wote ukiwa mshahara wa msingi. NSSF asilimia 10 wanachukua 150,000, TRA kwa viwango vya sasa inakata 233,000, Bodi ya Mikopo na asilimia 15 zao 225,000 (lile bumu, hela ya mkopo wa chuo, mlidhani sadaka?), mkononi inafika 892,000. Sasa chukua kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida wanaokupa 600,000. NSSF 60,000, kodi 24,000, Bodi 90,000, unabaki na 426,000. Kwenye barua ofa hizi zilipishana laki tisa, mkononi zinapishana 466,000, na hapo wa Dar bado hajamlipa mwenye nyumba anayetaka miezi sita kwa mkupuo, bado nauli, bado kula. Sisemi hiyo tofauti ni ndogo. Mwenye wadogo zake wanasubiri ada nyumbani aende Dar na asimwombe mtu msamaha.

Mimi shida yangu inaanza baada ya miezi kadhaa kazini, siku afisa mikopo anapita mezani na fomu. Hapo ndo nimeona vijana wengi wanapotelea. Kijana alikuja Dar akisema nafanya miaka mitatu nakusanya mtaji narudi Kongwa nafungua mashine yangu, sasa amesaini mkopo wa mshahara wa miaka sita kwa ajili ya gari, na kwa sababu gari linataka mafuta anahamia kwenye nyumba inayofanana na gari, mwaka wa tatu ukifika mtaji hakuna, deni lina nusu nzima mbele, bosi anamfokea mbele za watu naye anameza tu maana akiacha kazi benki wanamtafuta mdhamini wake ambaye ni mjomba wake. Huyo hata akiitwa kesho kwenye ile kazi aliyoiota tangu chuo, hawezi kuinuka kwenye kiti. Kwahiyo nenda kachukue hiyo hela, ila ishi kama vile unalipwa ile ya Singida, kinachozidi kiweke, na fomu ya mkopo irudishe ikiwa tupu.

Nyie wa kuwasaidia wakulima nanyi msicheke, zamu yenu imefika. Mkulima wa Mvumi hahitaji huruma yako. Nenda kafungue kauntabuku ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yoyote isiyo na mhasibu, utakuta mstari umeandikwa "mengineyo" na laki kadhaa mbele yake, hakuna risiti, hakuna sahihi, ukiuliza unaambiwa mwenyekiti anajua. Halafu COASCO, wakaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua kila mtu anashangaa. Nenda soko la Kibaigwa uangalie gunia la lumbesa, limejazwa likashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja na ametoa zaidi ya hapo. Kazi yenu ni hiyo, kusimama kwenye mzani, kulinganisha stakabadhi ya ghala na kilichoingia benki, kumbana mnunuzi kwenye bei. Kama cash book inakushinda kufunga kila jioni basi tafadhali nenda kwanza miaka miwili kwa hao hao wa benki wakunyooshe, ukirudi utakuwa na faida kwa mtu.

Na mjihadhari na wanaotumia moyo wenu mzuri. Shirika linakupa "posho ya kujitolea" mwaka wa kwanza, wa pili posho ile ile, huku mkurugenzi anabadilisha V8, jamani hapo mnatumika. Uliza mapema bila aibu: mkataba upo, NSSF wanapeleka, mfadhili anaishia lini, na hesabu zao alizikagua nani mara ya mwisho. Wakikasirika kwa swali la mwisho usirudi tena.

Wenye ofa zinazodai jibu wiki hii njooni nyumbani jioni baada ya saa kumi na moja, anayepajua amlete mwenzie. Mje na barua zenyewe tuzisome mstari kwa mstari, stori za "waliniahidi kwa mdomo" sizisikilizi.