Mchanga mweusi wa Mto Umba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Unauliza kama mchanga mweusi uliouona Umba una mali. Weusi peke yake hauthibitishi kitu, maana mito mingi inayotiririka kutoka kwenye miamba ya zamani kama ya Usambara hubeba magnetaiti na ilmenaiti, madini meusi yenye chuma ambayo si vito. Lakini bonde la Umba limejulikana kwa garneti (kito chekundu) na yakuti tangu miaka ya 1960, kwa hiyo safari yako si ya bure. Muhimu ni kuchota na kuosha vizuri.

Nenda kiangazi, maji yakiwa machache. Tafuta mahali ambapo mkondo unachoka: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, au kwenye nyufa za mwamba uliokatiza mto. Ondoa mchanga wa juu, kisha chimba sentimita 20 hadi 30 mpaka ukute changarawe iliyoshikana. Humo ndimo vizito, yaani punje za madini mazito, vinamojificha. Epuka gema lililoporomoka, na usichote chini ya daraja, kwa sababu kutu na vipande vya chuma vitakudanganya. Na kabla ya kuchuchumaa majini, waulize wenyeji kuhusu mamba.

Chekecha kwanza kwa wavu wa milimita 2 mpaka upate lita 10 kamili. Hatua hii watu huiruka, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Punje kubwa ya kwatzi, ule mchanga mweupe wa kawaida, huzama kwa kasi ileile ya punje ndogo ya garneti, na karai la kuoshea haliwezi kuzitenganisha. Yaliyobaki juu ya wavu usiyamwage kabla ya kuyakagua kwa macho; vito vikubwa hubaki huko.

Kisha fikicha kwa mikono ndani ya maji mpaka tope liishe. Udongo wa mfinyanzi ukibaki, hushika punje na kuondoka nazo. Karai la chuma likiwa jipya, lichome motoni uondoe mafuta ya kiwandani, la sivyo punje laini zitaelea. La plastiki ni bora zaidi, maana halishiki sumaku wala halitoi kutu.

Kuosha kwenyewe ni kama kukosha mchele wenye mawe: unatikisa, mawe yanakaa chini, mchele unatoka na maji. Tikisa kulia na kushoto, karai likiwa limezama lote, mara ishirini au thelathini, ndipo uliinamishe maji yachukue tabaka la juu. Ukiinamisha kabla vizito havijakaa, umevimwaga.

Hapa nakuomba uwe na subira kweli. Kwatzi ina uzito mara 2.65 ya maji, lakini ikiwa majini hubaki 1.65. Garneti ya 4 hubaki 3, haifiki hata mara mbili ya kwatzi. Dhahabu ya 19.3 hubaki 18.3, mara 11. Ndiyo maana mtu aliyezoea dhahabu huosha mpaka abaki na weusi mtupu, na garneti yote imeshakwenda na maji. Wewe acha mapema, rangi ikiwa bado kijivu yenye wekundu wa zambarau. Huo wekundu ndio garneti. Oshea ndani ya beseni, si mtoni, kisha rudia kuosha yaliyomwagika. Ukikuta wekundu humo, mkono wako una haraka.

Anika juani. Funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe juu ya mchanga: magnetaiti itaruka. Ikung'ute na urudie mara tatu, kwani hunasa punje nyingine katikati yake. Sumaku kali zaidi itavuta ilmenaiti, na garneti kwa unyonge. Rutaili na zikoni, madini mengine mazito, hubaki. Punje za manjano kama asali zinaweza kuwa monazaiti, madini yenye thoriamu inayotoa mionzi. Usiirundike chumbani unakolala.

Pima kila fungu. Lita 10 za mchanga mkavu ni kama kilo 16, hivyo ukipata gramu 80 za vizito ni asilimia 0.5. Ila usimwahidi mtu pesa kwa hesabu hiyo: umechota mtegoni, pale mkondo unapochoka, na mtego hukusanya kuliko mto mzima. Kujua kiasi kilichopo kunahitaji mashimo yaliyopimwa kwa nafasi sawa, toka juu hadi mwambani.

Karai linakuonyesha njia tu. Panda na mto ukichota kila makutano, na uangalie punje: zenye kona kali zimetoka karibu, za mviringo zimesafiri. Garneti ikikatika ghafla, rudi kwenye kijito ulichokipita mwisho, ukifuate hicho. Andika namba ya kila mfuko kwa kalamu ya risasi kwenye kikaratasi ukiweke ndani yake, maana wino wa nje hufutika ukilowa. Mifuko ya kijito hicho nitumie kwanza.

Wako,
Swahiba