Wajukuu zangu, yule mzee mliyemtoa ukumbini ni mtani wetu

Wajukuu zangu wa Tanga, wa Dar, wa Morogoro na nyie mlioko Muscat, nawasalimu sana. Mimi bibi yenu wa Muheza sijambo, miguu tu ndo inasumbua. Nawaandikia wote kwa pamoja maana nikimwambia mmoja mmoja maneno yanapotea njiani, na huyu mjukuu aliyeshika simu nimemwambia aandike hivihivi ninavosema asinipunguzie.

Harusi ilikuwa nzuri, sina neno, chakula kilitosha na sare zilipendeza. Ila kuna jambo limenikaa rohoni toka siku ile. Alikuja mzee mmoja akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha bwana harusi, akasema hanyanyuki mpaka apewe haki yake, nyie mkaona ni mlevi, MC akaita vijana wa mlangoni wakamshika mkono wakamtoa nje mbele za watu. Jamani yule sio mlevi. Yule ni Mzigua, mtani wetu, na babake na babu yake walikuwa wanafanya hivohivo kwenye shughuli zetu zote, mngempa elfu mbili na sahani ya pilau angenyanyuka huku anatutukana na sisi tungemrudishia na shughuli ingechangamka.

Na alichokuwa anapiga kelele mlikisikia? "Nyie Wanyamwezi mmekuja kwa miguu leo mnakaa kwenye viti!" Baadhi yenu mkaniuliza bibi, mbona anatuita Wanyamwezi na sisi ni Wabondei. Sasa hapo ndo mlipaswa kukaa nae mumuulize, maana anajua kitu ambacho nyie hamjui.

Babu yangu mzaa baba alitoka Unyamwezi, huko upande wa Tabora, wakati wa Mjerumani. Mkonge haukuwa wa huku kwetu, miche ililetwa na Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf mwaka 1893, ilitoka Florida kule Marekani, nyingi ikafia njiani ikabaki 62 tu ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kwenye hiyo 62 ndo yakatoka mashamba mengi mnayoyaona mkipita na basi kutoka Tanga mpaka Korogwe na kuendelea. Mashamba yakataka watu na wenyeji wa huku walikuwa na minazi yao na mihogo yao hawakuipenda kazi ile, kwa hiyo wakaletwa watu wa mbali, Wanyamwezi, Wangoni, Waha wa Kigoma, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji. Ndo hao manamba. Mtu anapewa kipande, kadi ile, kina siku 30 za kazi, akizimaliza ndo analipwa, siku aliyoumwa haihesabiwi. Babu akakata mkonge, akaoa Mbondei wa hapahapa Muheza, hakurudi tena.

Na Wazigua na Wanyamwezi utani wao ni wa zamani kuliko hata huo mkonge, toka zile safari za wapagazi kwenda pwani na kurudi bara. Kule kambini mtu akifa hana kaka hana mjomba, nani atamzika? Mtani ndo anachimba kaburi, mtani ndo anaosha, na mtani ndo anachekesha wafiwa ili usiku uishe. Babu yangu alizikwa na Wazigua. Hilo baba yangu alikuwa analirudia kila msiba na ndo maana mpaka leo Mzigua akija kwetu kuchukua kuku bandani hatumuulizi.

Ndo ninachotaka mkielewe nyie wajukuu zangu, kwamba historia ya kwetu haijaandikwa kwenye kitabu, imewekwa kwenye shughuli. Ipo kwenye nani anaitwa mbele, nani anapewa nini, nani ana ruhusa ya kutukana, nani anasusa asipoalikwa. Mkizikatisha hizo kwa sababu ratiba ya ukumbi inaisha saa sita basi mmekatisha na habari zenyewe.

Chukulieni siku ya mahari. Vijana wengi mnajua tu jumla yake ni shilingi ngapi. Lakini kaeni msikilize washenga wanavotaja fungu mojamoja, mkaja wa mama, kilemba cha baba, kilemba cha mjomba, na kila fungu kuna mtu ananyoosha mkono kulipokea. Mkiona mjomba anadai chake kwa sauti kubwa na watu wote wananyamaza kumsikiliza, mjue hapo mna damu ya watu wanaofuata ukoo wa mama, kama Wazaramo, Waluguru au hao hao Wazigua. Na mkiona fungu limepelekwa kwa mzee ambae hamumjui, msipige picha mkaondoka, ulizeni huyu kalipokea kwa niaba ya nani. Mara nyingi anapokea kwa niaba ya marehemu, na huyo marehemu ndo mlango wa kuingilia upande mzima wa ukoo msioujua.

Halafu hitma. Sisi kwetu kuna Waislamu na kuna Wakristo, misheni ya Magila ipo hapo toka karne ya 19, nusu ya ukoo ilibatizwa pale, kwa hiyo kuna mtu ana jina la kanisani, ana jina la nyumbani, na wengine walisilimu wakapata la tatu. Mtu mmoja mnaweza kumhesabu watatu. Kwenye hitma yule mwalimu huwa anapewa karatasi ya majina ya marehemu wa kuombewa dua, anayasoma moja moja, fulani binti fulani, fulani bin fulani. Nyie mnasubiri iishe mle. Ile karatasi ni dhahabu! Ina majina ambayo hata mimi sijawahi kuwaona wenyewe, na kila hitma inanakiliwa na mtu mwingine na kila akinakili jina moja linaruka. Ipigeni picha. Kisha mkae na mzee mmuulize kila jina, huyu ni nani, kazaliwa na nani, kazikwa wapi.

Sasa kuuliza nako kuna adabu yake. Ukija na daftari na kalamu siku ya kwanza mzee atadhani unatafuta habari za mirathi au shamba, atafunga mdomo, na ana haki maana ameshaona ndugu wakipelekana mahakamani. Usimuulize "nieleze historia ya ukoo wetu" maana hajui aanzie wapi. Nenda jikoni usiku wa kuamkia harusi, shika kisu umenye vitunguu na hao wanawake, wanaongea mpaka alfajiri na wala hutakiwi kuuliza mengi. Uliza vidogo. Maji mlikuwa mnachota wapi? Jando uliingia na nani? Nani alikuwa kungwi wako ulipokuwa mwali? Ukitaka mwaka usiulize mwaka, uliza ulikuwa na mtoto gani mgongoni siku ya Uhuru, au ulikuwa umeshaolewa wakati tunahamishiwa vijiji vya ujamaa, au huyu kazaliwa kabla ya vita ya Iddi Amin au baada. Hapo nyie wenyewe mtapiga hesabu, 1961 ipo, 1974 ipo, 1978 ipo. Na simu zenu zinarekodi sauti, rekodini, ila kwanza muombe ruhusa, sio mnaificha chini ya kanga.

Na mtakuta mambo mazito. Mtakuta mtoto aliyelelewa kama wa baba huyu kumbe wa mwingine, mtakuta bibi aliyeletwa pwani hakuja kwa hiari yake, mtakuta ndugu waliogombana kwa mnazi mmoja wakafa hawasalimiani. Hayo mkiambiwa mmeaminiwa. Msiyarushe kwenye grupu la familia kabla mzee hajafika hata kitandani. Kuna mama mmoja wa ukoo wetu alitoa siri yake ukubwani, ikasambaa siku hiyohiyo, toka hapo hajafungua mdomo tena na anajua mengi kuliko mimi.

Kwa nini nawasumbua na haya yote? Kwa sababu nyie mnaishi mbalimbali na mnaoa na kuolewa mnakokutana. Mwaka juzi vijana wetu wawili walikutana chuoni wakapendana, wamefika mpaka barua ya posa ndo ikajulikana bibi zao ni mtu na mdogo wake. Walilia sana wale watoto. Wangejuana kwenye misiba na harusi kama sisi tulivojuana, lisingefika huko.

Kwa hiyo nyie mnaokaa kamati ya harusi nawaomba kitu kimoja. Utambulisho wa ndugu mnaufanya ukumbini, MC anaharakisha, "upande wa bwana harusi simama, kaa", imeisha hiyo, muziki. Uhamisheni. Fanyeni nyumbani siku moja kabla, chini ya mwembe, chai na maandazi yanatosha, kila mzee asimame aseme yeye ni nani kwa maharusi na amepitia kwa nani kufika hapo. Bajeti yake haifiki hata robo ya maua mliyokodi.

Na tusingoje harusi. Hitma ya babu yenu mdogo ni Shaabani inayokuja, hapahapa Muheza. Karatasi ya majina anayo mjomba wenu wa Korogwe, mmoja wenu aende akaichukue mapema ainakili vizuri. Wa Dar mje na zile picha za zamani zilizoko kwenye sanduku la shangazi yenu Magomeni, zile nyeusi na nyeupe, maana watu wa kuzitambua waliobaki ni mimi na wengine wawili tu. Wa Muscat, hapo mlipo kuna bibi yenu wa upande wa Pangani ameondoka hapa msichana, nendeni mkamuone Ijumaa moja mkamuulize mamake alizikwa wapi, sisi huku tumelitafuta kaburi hilo hatulioni.