Kipande cha Oman kilichojitenga

Maskati

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, alhamdulillahi, na natumai goti la Mama limepata nafuu.

Umeniuliza kwa nini kwenye atlasi ya skuli rangi ya Oman inakatika kaskazini, halafu kinatokea kipande peke yake juu kabisa, Imarati (Falme za Kiarabu) ikiwa katikati. Unasema unakikariri tu kwa ajili ya mtihani. Usikariri. Nchi hii naipita kwa lori, na jawabu nyingi ziko njiani.

Kipande hicho ni Musandam. Nikipeleka mzigo Khasab, mji wa huko, pasipoti inagongwa muhuri wa kutoka Oman, naingia Imarati, napita Fujairah na Ras al-Khaimah, natoka tena, ndipo naingia Oman ile ile. Njiani ipo Madha, ardhi ya Oman iliyozungukwa na Imarati pande zote, na ndani ya Madha mna Nahwa, kijiji cha Sharjah, moja ya falme za Imarati! Mipaka ya huku haikupigwa kwa rula. Miaka ya 1950 Mwingereza Julian Walker alizunguka jangwani na milimani akiuliza kila kabila linamtii nani, na ardhi ikahesabiwa kwa utiifu huo.

Lakini umuhimu wa Musandam umetokana na miamba. Bamba la Arabia, yaani pande kubwa la ganda la dunia lililoibeba Arabia, lilibanduka kutoka Afrika, Bahari ya Shamu ikafunguka nyuma yake, na hadi leo linasukuma kuelekea Iran kwa sentimita mbili hivi kwa mwaka. Ncha ya Musandam inazama polepole, na barafu ya kale ilipoyeyuka bahari nayo ikapanda, ikajaa mabondeni. Ndiyo maana majabali ya chokaa yanatumbukia majini wima, pa kuweka mguu hapana. Ng'ambo ni Iran. Mlango wa Hormuz, mahali pembamba kabisa, una maili 21 za baharini, na kila nchi ina haki ya maili 12 za bahari kutoka pwani yake. Jumlisha mwenyewe. Hapo hapana bahari isiyo na mwenyewe, na meli za mafuta za Ghuba hazina njia nyengine.

Nilichokipenda zaidi hakimo katika atlasi yako. Kipo katika bonde la Wadi Jizzi, barabara ya Sohar kwenda Buraimi: ukuta wa mawe meusi yaliyoviringana, kama mito ya kulalia iliyorundikwa. Ni lava iliyotoka chini ya bahari. Nje iliganda ilipogusa maji baridi, ndani ikazidi kuvimba, ganda likapasuka, na donge jengine likachomoza. Nililitazama moja kwa karibu: ukingoni chembe hazionekani kwa jicho, katikati zimekua, kwa kuwa huko palipoa taratibu. Sakafu hiyo ya bahari ina miaka milioni 95 hivi, kisha ikapandishwa juu ya ukingo wa Arabia. Shaba ya Sohar, iliyochimbwa tangu zama za kale, imo humo humo.

Sasa zamu yako. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, una kina cha zaidi ya mita 700, wa Unguja haufiki hata 100. Waulize wavuvi wa Wete wapi nanga inagusa chini na wapi haigusi, uchore ramani yako, kisha unitumie picha yake kwa simu. Mueleze na Mama, maana yeye kavuka mikondo yote miwili.

Ada ya muhula nimeshaituma. Wasalimie wote.

Kaka yako