Moto wa Juu, Moto wa Chini

Mwanangu, baba yangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Unasema pizza uliyopika chumbani kwako huko Mwanza iliungua chini, juu ikabaki mbichi, na wenzako wamekucheka. Waache wacheke. Mimi ya kwanza niliipika hapa hapa Nkuhungu siku ya kipaimara cha dada yako, nikajaza mkaa wote chini kama napika maharage. Shangazi yako aliukwangua ule weusi kwa kisu, akala kimya, kisha akauliza kama kuna ugali.

Donge lako halina kosa. Kosa ni la moto. Watu wengi hudhani pizza zinatofautiana kwa vinavyowekwa juu yake, mara soseji, mara kuku. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye moto na chombo. Ile ya Napoli, kule Italia, huingia kwenye tanuri la kuni lenye nyuzi joto 430 hadi 480, na kwa sekunde 60 mpaka 90 imeiva: ukingo umefura na kupata madoadoa meusi, katikati bado laini. Oveni ya nyumbani huishia nyuzi 250 hivi. Ukisubiri madoa yale humo, utatoa kitu kikavu kama biskuti. Ufundi huo wa Napoli UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2017, nami nikajiuliza chapati yetu ilikuwa imelala wapi siku hiyo.

Kwa sufuria yako, iga watu wa Detroit, mji wa magari kule Marekani. Wao walianza mwaka 1946, na inasimuliwa kwamba sinia zao za kwanza zilikuwa zile za viwandani za kuwekea vipuri. Donge ni nene, chizi husambazwa mpaka ukingoni ishuke ubavuni na kukaangika, nyanya hupakwa juu. Ile ya Chicago yenye kina kirefu nayo hutanguliza chizi chini, kwa sababu hukaa motoni nusu saa au zaidi. Chizi ikiwa juu muda wote huo itaungua.

Unga wa ngano nusu kilo, maji mililita 325, chumvi gramu 10, hamira nusu kijiko cha chai. Sukari acha, hili si andazi. Ukichanganya, donge litakunata vidoleni na utatamani kuongeza unga, usiongeze. Lifunike dakika 20, lowanisha mikono, livute upande mmoja ulikunje juu yake, zungusha bakuli, rudia. Mara ya tatu utaliona linang'aa na limeacha kung'ang'ania bakuli. Kisha lilale usiku kucha. Huku Dodoma na upepo huu wa Julai, naamka bado halijamaliza kuumuka. Oktoba lile lile humwagika nje ya bakuli kabla sijarudi sokoni. Kwenu usiku hauna baridi kama yetu, weka hamira robo kijiko.

Nyanya zichemshe mpaka maji yaishe, la sivyo utakula uji.

Sasa moto. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uupashe vizuri kabla ya kuingiza sinia. Sinia ipake mafuta ya alizeti bila ubahili. Chini bakiza makaa machache, mengi yapange juu ya mfuniko, ukizidisha pembezoni. Bibi yako alioka keki hivyo hivyo na hakuwahi kuiita oveni. Usifunue kabla ya dakika 15. Sikiliza: mafuta yanachachatika pembeni polepole. Yakitoa sauti kali, ondoa kaa moja au mawili chini.

Ukitaka nyembamba, sukuma kama chapati, ichome upande mmoja kwenye kikaango, igeuze, ndipo uweke vitu na kufunika.

Jumapili niliweka juu ya pizza nyama ya mbuzi iliyobaki kutoka mnadani Msalato, kitunguu, na zabibu za hapa nilizokata vipande. Baba yako alisema zabibu kwenye nyama ni wazimu. Alikula vipande vinne.

Sufuria kubwa nimempa dada yako, anakuja huko Ijumaa. Mchanga utatafuta mwenyewe. Mshikio wa mfuniko umelegea, ushike kwa kitambaa.

Mama yako