Wifi, usianze na maji

Wifi yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa hapa gengeni na mteja ananisubiri nimpimie nyanya. Unasema majina ya waelimishaji rika wa pakihausi ya shamba la maua, yaani wafanyakazi watakaowafundisha wenzao habari za afya kwenye jengo la kupanga na kufungasha maua, yamesomwa, lako limo, na unataka kumwambia supavaiza akutoe kwa sababu "mimi si nesi, nitawaambia nini wenzangu?" Nakujibu hadharani kwa kuwa kuanzia Usa River mpaka Kisongo wapo wengine walioitwa hivyo hivyo, wakarudi nyumbani na swali lako hilo hilo.

Mimi nilichaguliwa nikiwa na mwaka wa tatu kwenye maua. Sikuwa na sifa yoyote, nadhani waliangalia mdomo wangu tu. Tukapelekwa semina ya siku mbili (chai yake ilikuwa nzuri kuliko semina yenyewe), tukarudi na chati ya mfuko wa uzazi ambayo mwenzangu mmoja aliitazama sana, kisha akauliza mbona wamechora kichwa cha mbuzi. Wiki ile ile nikasimama mbele ya wenzangu na somo la kwanza: kunyweni maji ya kutosha, mtaepukana na UTI, ule ugonjwa wa njia ya mkojo.

Walinicheka. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipanga maua kwa gredi tangu mimi nikiwa shuleni, akaniuliza, "Mwanangu, hayo maji nikishayanywa niyapeleke wapi?"

Choo cha pale nilishakusimulia. Kutoka grinihausi ya mwisho ni mwendo. Unaomba ruhusa kwa supavaiza, naye mwanamume, anakuandika kwenye daftari. Ukirudi, lengo la siku liko pale pale na mashina uliyoacha yanakungoja. Basi wanawake walikuwa wakiingia kazini saa moja asubuhi na hawatii tone mdomoni mpaka saa kumi, ndani ya lile joto la nailoni. Aliye kwenye siku zake alikaa na pedi moja kutwa. Habari za maji kila mmoja alikuwa nazo kabla yangu. Mkojo ukikaa muda mrefu, vijidudu vinapata nafasi ya kuzaliana, na hilo wenzangu walilijua kwa maumivu yao wenyewe.

Nesi angesema yake, akapanda gari akaondoka. Mimi choo chao ndicho choo changu. Tukakubaliana kila mmoja ahesabu kwa wiki moja ameenda mara ngapi na amenyimwa ruhusa mara ngapi. Nikapeleka karatasi ofisini, na sikuzungumzia haki wala huruma. Nilizungumzia siku ambazo watu wanakosa kazini kwa UTI. Daftari likaondolewa mwezi ule ule. Choo cha karibu kilichukua karibu mwaka, na kilipojengwa hakikuwa na ndoo ya kutupia pedi, ikabidi tuanze safari nyingine. Kwa hiyo wewe usianze na maji. Anza na choo.

Watakuambia kampuni inafanya hivi kwa faida yake. Ni kweli. Mipango ya namna hii ina miaka sasa. HERproject, mpango wa afya ya wanawake kazini wa shirika la BSR la Marekani, kwa mfano, ilianza mwaka 2007, na hoja yao kwa wenye viwanda ilikuwa kwamba mwanamke mwenye afya hakosi kazini. Sioni ubaya. Hoja hiyo hiyo ndiyo iliyotujengea choo.

Sheria nayo uijue kwa namba, kwa sababu ofisini namba zinasikilizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mjamzito hapangiwi kazi ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Siku 84 wengi wanazijua. Wasichokijua ni kwamba anayenyonyesha ana ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Ila ukishalisema hilo, jiandae kwa swali: mtoto yuko Maji ya Chai, nani atamleta?

Kuhusu dawa ya kupulizia maua, neno moja tu: lebo ina muda wa kusubiri kabla ya watu kuingia tena. Mwulize aliyepulizia ni saa ngapi, na msimu wa Valentine, maua yanapotakiwa haraka, usikubali jibu la "ingieni tu". Na wenye waume wapuliziaji wasifue yale maovaroli beseni moja na nguo za mtoto.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu, na bado watu wanadhani kuipima ni kupasuliwa. Wanapaka siki, wanasubiri kama dakika moja, sehemu yenye dalili inageuka nyeupe. Wanaohimizwa zaidi ni wa miaka 30 hadi 50. Maneno hayo mimi niliyasema miezi mitatu, hakwenda hata mmoja. Siku nilipokwenda mwenyewe asubuhi na mchana nikarudi kwenye meza yangu nikiendelea na kazi, wanne wakanifuata.

Sasa la mwisho, na hili silipendi. Dada mmoja alinieleza kuwa ameweka kijiti cha uzazi wa mpango na mumewe hajui. Nikamwambia mtu mmoja tu, rafiki yangu, tena nikiwa na nia njema, namtolea mfano. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa ndani ya basi la wafanyakazi. Yule dada hakunitukana. Aliacha tu kukaa meza yangu, na wengine nao wakaacha kuniambia mambo yao. Mwaka mzima nilikuwa mwelimisha rika wa jina.

Kwa hiyo usiogope kwamba hujui. Kitabu cha semina utapewa, na kituo cha afya kipo cha kuwaelekeza. Chunga mdomo. Na kabla hujakubali, mwulize supavaiza mambo mawili: dakika za kuelimisha zinatoka kwenye muda wa kazi au wa chakula chenu? Na lengo lako la siku hiyo linapunguzwa? Ajibu mbele ya wenzako.

Kile kichwa cha mbuzi bado ninacho, nimekikunja nyuma ya kabati. Jumamosi mtume mwanao aje akichukue, na aje na ndoo yangu.

Wifi yako wa gengeni