Barua kwa mwanangu: ng'ombe aliyejificha kwenye chupa ya chanjo

Pongwe, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, bibi yako hajambo, na yule mtamba mwekundu uliyemwacha na mimba siku zake zimekaribia. Barua yako mjomba kaileta jana jioni, nimeisoma nikiwa bado na mabuti ya zizini miguuni.

Umeniambia mwalimu wa Kiingereza kawapa maneno ishirini ya wanyama, na kwenye jaribio umepata sita. Sita si aibu. Miaka saba umesoma kwa Kiswahili, sasa uko kidato cha kwanza na kila kitabu kimegeuka lugha. Najua uzito wake, nami niliubeba. Kilichoniuma ni pale uliposema maneno hayo hayana maana, ni ya kukariri tu. Mama, maneno hayo mimi nayashika kila siku, yameandikwa kwenye chupa za dawa za mifugo ninazobeba.

Anza na bovine. Warumi ng'ombe walimwita bos, ila jina hilo likiingia ndani ya sentensi hugeuka bovis, kama sisi tunavyosema jino, kisha meno. Halafu walikuwa na kimkia cha kubandika mwishoni, -inus, ambacho Kiingereza kimekikata kikawa -ine. Kazi yake ni ile ile ya "-a" yetu: ya ng'ombe, ya mbwa, ya paka. Kwa hiyo ile homa ya mapafu ya ng'ombe tunayoipigia vita huku, kwenye karatasi za ofisi ina neno bovine katikati, na halisemi lolote zaidi ya "ya ng'ombe". Ukishaelewa hivyo, feline ni ya paka, kwa sababu feles ni paka. Porcine ni ya nguruwe, equine ni ya farasi, na punda wetu naye huingizwa humo humo kwa kuwa ni ndugu wa farasi. Caprine ni ya mbuzi. Hayo yanakwenda haraka.

Ovine ndiyo uiangalie vizuri. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni tulipelekwa kwenye zizi la mafunzo. Mwalimu akaweka chupa mbili juu ya meza, akaniambia nichukue ya kondoo. Moja ilikuwa na neno ovine, nyingine caprine. Mimi nilikuwa nimekariri kwamba ovum ni yai, nikaamini kabisa ovine ni ya kuku, nikaisukuma pembeni. Nilikuwa nimeshavuta dawa ya mbuzi kwenye bomba la sindano, kondoo keshabanwa katikati ya magoti ya mwenzangu, ndipo mwalimu akanishika mkono. Hakunigombeza. Aliandika kwa chaki juu ya meza ile ile: ovis, kondoo; ovum, yai. Nilikuwa na maneno mengi kichwani, wanyama sikuwa nao. Tangu siku ile sijashika neno bila kumtafuta mnyama wake.

Canine wewe unaijua tayari. Unakumbuka siku tulipochanja mbwa wa mtaa dhidi ya kichaa, wewe ukanishikia boksi la barafu? Yule mbwa mweusi alipoinua mdomo ukaona meno yale manne marefu, mawili juu mawili chini, ukarudi nyuma. Pitisha ulimi kwenye meno yako mwenyewe, utayakuta. Sisi tunayaita chonge. Mwingereza anayaita canine, jino la mbwa, kwa sababu mbwa kwa Kilatini ni canis. Kwenye somo la baiolojia utaliona tena neno hilo hilo likiwa jina la kitaalamu la mbwa na mbweha.

Sasa sogea karibu nikusimulie lile ninalolipenda kuliko yote. Ng'ombe jike kwa Kilatini ni vacca. Huko Uingereza daktari mmoja, Edward Jenner, aliwasikia wakamuaji wa maziwa wakisema kwamba aliyekwisha kupata ndui ya ng'ombe, vile vipele vya mikononi, hashikwi na ndui kubwa iliyokuwa ikiua watu. Mwezi Mei 1796 alichukua usaha kwenye mkono wa mkamuaji, Sarah Nelmes, akamchanja nao mtoto wa miaka minane, James Phipps. Baadaye akamtia ndui yenyewe, mtoto asiugue. Kutokana na vacca ndipo likazaliwa neno vaccine. Mwaka 1881 mwanasayansi Mfaransa, Louis Pasteur, akapendekeza jina hilo litumike kwa kinga za maradhi mengine pia, kwa heshima ya Jenner. Na ndui yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980.

Kwa hiyo hata chupa niliyomchanjia yule mbwa mweusi ina ng'ombe ndani ya jina lake! Nasi je? Tulisema chanjo, kutokana na kuchanja, kama mtu anavyochanjwa chale. Mwingereza alishika mnyama, sisi tukashika kile kitendo cha wembe kwenye ngozi. Mimi naona yote mawili ni mazuri, na ukiyaweka pamoja unapata kisa kizima: ng'ombe, mkono na wembe.

Usijiulize kwa nini Waingereza wana cow na tena wana bovine. Cow ni la nyumbani kwao tangu zamani, bovine ni la wasomi. Nasi tunafanya hivyo hivyo. Marehemu babu yako akitazama nyota kwa elimu ya falaki hakusema ng'ombe, alisema Thauri. Simba alikuwa Asadi, nge Akrabu, samaki Hutu, yote ya Kiarabu. Nyota hizo hizo Mwingereza anaziita kwa Kilatini: Taurus, Leo, Scorpio, Pisces. Na ile nyota ya kaa babu aliiita Saratani. Kwa Kilatini kaa ni cancer. Sasa tazama, mwanangu: ugonjwa tunaouita saratani, wao wanauita cancer, na majina yote mawili ni ya kaa yule yule wa mikokoni. Matabibu wa kale wa Ugiriki waliona uvimbe wenye mishipa iliyotanda kama miguu ya kaa, wakaupa jina lake, na jina likasafiri kutoka lugha hadi lugha. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kitambo.

Jambo moja la kukuepusha na makosa: si kila jina gumu la mnyama ni Kilatini. Hippopotamus ni Kigiriki, farasi wa mto, ndiyo maana humo hukuti equus, yule farasi wa Kilatini aliyezaa equine. Na silikanti wetu, yule samaki aliyetengewa hifadhi ya bahari hapa Tanga mwaka 2009, jina lake nalo ni Kigiriki, maana yake mwiba wenye uwazi ndani.

Mjomba anarudi huko Jumamosi. Nimempa korosho, daftari mbili na ile kanga uliyoisahau kwenye kamba. Yale maneno kumi na manne yaliyokushinda yaandike tena kwenye daftari jipya, moja moja, na pembeni ya kila moja mchore mnyama wake, hata ukichora vibaya. Ukishindwa kumpata mnyama, niandikie, tutamtafuta pamoja.

Kwenye orodha yako nimeona porcupine, na hilo sikufumbulii. Porcus unamjua. Spina ni mwiba. Niambie kwa Kiswahili ni nani huyo, na kama unakumbuka bibi yako aliokota nini chake kule shambani kwenye muhogo.

Mimi mamako