Barua kwa akina baba wenye watoto wa kiume: msingoje sauti iwe nzito

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaolea wavulana wa darasa la nne mpaka kidato cha pili. Dada zao wana wa kuwasemesha: mama, shangazi, somo anayewafunda. Mvulana zamani alikuwa na jando, na jando halikuwa kisu tu. Alikaa kambini akafundwa. Siku hizi wengi mnampeleka hospitali akiwa mchanga, au likizo ya Desemba, kidonda kikapona na mambo yakaishia hapo. Sina ugomvi na hospitali, kazi yake ni safi. Ila mafunzo yaliyobaki nyuma siku hizi anayatoa nani? Simu, na vijana wa kijiweni.

Wengi wenu mnangoja sauti ya mtoto ianze kukwaruza ndipo mmwite. Hapo mmeshachelewa. Dalili ya kwanza haionekani sebuleni: korodani huanza kukua, na ngozi ya mfuko wake ikawa nyembamba na kuiva rangi. Huanza popote kati ya miaka 9 na 14, wengi wakiwa na 11 au 12. Nywele za sehemu za siri hufuata, na uume ukarefuka kabla ya kunenepa. Kimo hupaa baadaye, mara nyingi kwenye miaka 13 au 14, na katika mwaka wa kasi anaweza kuongeza sentimita 9 au 10. Nyayo na viganja hutangulia, kiwiliwili huja mwisho. Ndiyo maana viatu vya Januari havimwingii Juni, na vikombe vinamponyoka. Msimwite mzembe. Sauti hubadilika wakati huohuo wa kurefuka, na ndevu za kidevuni zinafunga msafara. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza ni ya miaka 9 au 10.

Aambiwe nini? Kwanza, ndoto nyevu: kwamba ipo siku ataamka na majimaji mazito kwenye nguo, na si mkojo, si ugonjwa, wala hana kosa. Aonyeshwe kufua shuka yake mwenyewe, asije akaificha chini ya godoro. Kwa Waislamu, hapo amebalehe: josho la janaba linampasa kabla ya kuswali, na saumu ya Ramadhani imekuwa faradhi kwake. Mfundisheni kuoga josho hilo mapema, maana hawezi kuuliza asichojua kuwa kipo. Na wa dini zote waambiwe wazi kwamba kuanzia hapo anaweza kumpa msichana mimba, hata kama kimo chake bado ni cha mtoto. Uume kusimama darasani bila sababu nako ni kawaida. Akitulia kidogo hali hupita.

Kuna jambo linalowatesa kimyakimya. Uvimbe mgumu chini ya chuchu, upande mmoja au pande zote mbili, unaouma ukiguswa. Karibu nusu ya wavulana huupata, kwa sababu homoni bado hazijapata uwiano wake, na wengi huupoteza ndani ya miezi 6 mpaka miaka 2. Usikamuliwe wala kupakwa dawa. Ukikua kwa kasi, ukitoa majimaji, au ukipita miaka 2, aonwe na daktari. Mtoto aliyeacha ghafla kuvua shati mbele ya wenzake, hasa wa bweni, huenda ndilo linalomsumbua.

Linalofuata lisomeni mara mbili. Korodani moja ikiuma ghafla na kwa ukali, mara nyingi pamoja na kichefuchefu au kutapika, huenda mshipa unaoibeba umejisokota na damu haifiki. Hutokea zaidi kati ya miaka 12 na 18, na aghalabu usiku akiwa amelala. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze. Zikipita, inapungua haraka. Tatizo ni aibu: mtoto atasema tumbo linamuuma, nanyi mtampa kidonge na kumwambia alale. Msimkande maji ya moto, msingoje kukuche, msianzie duka la dawa. Nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Aambiwe kabla: ikiuma ghafla, niamshe hata saa nane usiku.

Usingizi nisiukawilie. Kuanzia miaka 13 anahitaji saa 8 mpaka 10, na katika umri huu mwili wenyewe huchelewesha usingizi. Kumfokea hakuuleti. Kuitoa simu chumbani saa tatu usiku kunasaidia.

Wapo wanaochelewa. Ulizaneni kwanza kama baba au mjomba naye alichelewa kukua, maana mara nyingi ni ya ukoo. Lakini akitimiza miaka 14 korodani hazijaanza kukua, au zikianza kabla ya miaka 9, mpelekeni kwa daktari. Zile dawa za kuongeza maumbile zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme hazimhusu, na mwambieni hivyo kabla hajazitafuta.

Mwisho, msimwitie kikao. Mvulana husema zaidi akiwa ubavuni kwako kuliko akitazamwa usoni: mkielekea shamba, mkiosha pikipiki, mkitoka kwa kinyozi. Dakika 5 zinatosha, kisha mwezi ujao nyingine 5. Akinyamaza, endeleeni, amesikia. Mama anayelea peke yake amtafute mjomba ambaye mtoto anamheshimu, amsomee barua hii, na wapatane nani ataamshwa usiku ule wa maumivu.

Mzee wenu